Pepinyeri ya njia ya Kasapa: hapa nilipata misuku iliyoshika

Hapa Lubumbashi ukiulizia miche, utaonyeshwa mikaratusi, akasia na miembe ya kupandikizwa. Mimi nilitaka miti ya pori letu, miombo ile iliyokuwa imesimama hapa kabla mji haujaanzishwa mwaka wa 1910, na ambayo leo inaingia mjini ndani ya magunia ya makala, yaani makaa ya kupikia. Jirani akanielekeza pepinyeri moja ndogo, kitalu cha miche, njia ya Kasapa. Haina hata kibao.

Papa mwenye kazi hakuanza na bei. Aliniuliza parseli yangu ina udongo gani, maji yanasimama wapi, na kama kuna kichuguu. Kisha akapasua sashe moja nyeusi, ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche, mbele yangu ili nione mizizi ya musuku, mti wa pori unaozaa matunda ya masuku: ncha zake zimevikwa nyuzi nyeupe, laini kama utando wa buibui. "Huu ni uyoga," akasema. "Bila huu, mti unakaa tu." Yeye hufuata udongo chini ya musuku mkubwa porini, anachota kidogo kidogo asiumize mti, anatia konzi moja katika kila sashe. Uyoga mwingi tunaonunua kando ya barabara mvua zikianza hutoka chini ya miti ya namna hiyo. Mti na uyoga vinalishana.

Niliumia kusikia hayo, maana mwaka mmoja nyuma nilinunua musuku mahali pengine, umeoteshwa kwa mchanga na samadi tu. Nilimwagilia kila jioni. Ulibaki na majani manne mpaka ukakauka.

Kwake nilichukua misuku sita, faranga 3.000 kila mmoja, na mipundu miwili, miti mingine ya matunda ya pori letu. Ni yeye aliyeniambia nisichukue musuku mmoja, kwa sababu kuna dume na jike, dume halizai, na mche mdogo hauonyeshi. Miezi kumi na minne imepita, na kiangazi kizima ndani yake: misuku mitano iko hai, mrefu kuliko yote umenifika gotini. Ni mti wa polepole sana. Matunda nitayangoja miaka kumi au zaidi, na kijana wangu wa miaka minne ndiye atakayeyaokota.

Lawama ninayo moja. Mupundu mmoja ulikuwa umekaa mno ndani ya sashe, mizizi imejizungusha chini kama kamba. Nilimrudishia, akanipa mwingine bila maneno, lakini safari ya pili ni transpoti yangu. Kagueni kabla ya kulipa.

Nendeni mvua za mwezi wa kumi na moja zikishashika, asubuhi, kwani misuku huisha upesi. Na ukila masuku usitupe mbegu. Zikikauka hazioti tena, kwa hiyo mpelekee zikiwa bado mbichi. Mimi nilipeleka bakuli moja, akanipunguzia bei ya mche wa sita.