Maboya ya kuzuia takataka kwenye banio: kazi yanapiga, vyuma vyake sasa

Wadau wenye mitambo midogo ya umeme wa maji huku Rungwe, Mufindi, Ludewa na kwingine, mmeniuliza sana kuhusu yale maboya tuliyofunga mtoni juu kidogo ya banio letu, pale tunapochepushia maji ya mtambo, haya sasa. Tumechongesha karakana moja Mbeya mjini, jina nalibana. Ni plastiki ngumu, yameunganishwa kwa kamba ya waya toka ng'ambo hadi ng'ambo, chini yake kuna sketi ya wavu inazama kama nusu mita.

Kazi yanapiga, sisemi uongo. Masika mto unashusha kila kitu, migomba mizima, mianzi, mabua, chupa za maji mpaka ndala, na zamani yote hayo yanakuja kulala kwenye chujio la nondo, maji ya mtambo yanapungua, taa zinafifia, simu za lawama zinaanza. Na piga hesabu, kama maji yenu yanaporomoka kimo cha mita 10 hadi mtamboni na chujio lililoziba linakula nusu mita tu ya kimo hicho, umeme asilimia 5 hivi umeshaondoka. Sasa hivi mengi yanateleza ukingoni tunayavuta na reki tumesimama nchi kavu.

Ila lazima yafungwe mshazari. Fundi wao alitaka kukatiza mto moja kwa moja, tukamgomea, maana hapo uchafu unajazana katikati, kamba inabeba mzigo wote na vingine vinazama vinapita chini. Ukiyalaza, mkondo wenyewe ndo unasukuma. Na kamba iachiwe ulegevu, maji hayakai kimo kimoja.

Vyuma vya kuungia ndo wametulipua, rangi tu juu, kutu msimu huohuo. Halafu maboya mengine ndani matupu! Gogo limetoboa moja, likajaa maji, likavuta na jirani zake chini, kuwapigia hawapokei. Mkiagiza dai yaliyojazwa povu gumu na vyuma vilivyopigwa zinki. Nyota tatu kwa tano, na ni kwa sababu ya maboya yale mazima.

Reki msiitupe, majani ya mikaratusi yaliyoloa yanapita chini kama kawa. Na uchafu ukishakamatwa utoeni, kule Bosnia pale Višegrad mto Drina, Januari 2023 zilikadiriwa mita za ujazo 10,000 za takataka zimejazana kwenye kizuizi cha namna hii. Sisi migomba wanachukua wenye ng'ombe, chupa vijana wa kuuza plastiki, magogo yanagombaniwa, bado ndala tu hazina mwenyewe.