Uzi mzuri, ulimi mbaya: shali langu la zidaka

“Ni macho yako, mama.” Hivyo ndivyo nilivyojibiwa kwa simu na kijana wa duka la nyuzi la Mombasa, na nyuma yake nikamsikia mwenzake akicheka.

Kisa ni shali. Nilitaka kufuma zidaka za nyumba ya marehemu bibi, hapa Lamu: ule ukuta wa ndani wa vijumba vya chokaa, safu juu ya safu, palipokuwa pakipangwa sahani na misahafu. Kila kidaka nilikipa vitanzi 16. Katikati nafuma kinyume ili pazame, kingo nafuma kwa mbele zitokeze, na upinde wa juu napunguza kitanzi huku, kitanzi huku. Zidaka 7 kwa upana, basi. Refu na jembamba kama msana, ule ukumbi mrefu wa nyumba zetu za Lamu. Boriti za mikoko hazivuki mbali, ndiyo maana vyumba vyetu vikawa vyembamba, nami sikutaka shali lidanganye. Uzi ni wa pamba. Sufu kwa joto hili? Tena ina manyoya, hufukia kingo.

Na uzi wenyewe, wallahi, sina la kusema. Umesokotwa ukakaza, kila kidaka kinaonyesha kivuli chake. Hapo nyota 5.

Sasa madonge. Niliagiza 8 nikamsihi yule kijana yote yawe ya namba moja ya rangi, kwani uzi uliotiwa rangi siku mbili tofauti haufanani hata ukiitwa jina moja. “Sawa, mama.” Mzigo ukaja na basi mpaka Mokowe, ukavuka kwa mashua, nami sikusoma lebo (kosa langu, nimekubali, msinirudie). Donge la sita nikalifuma usiku, taa hafifu. Siku moja mchana nikatandaza shali barazani. Mstari! Chini chokaa mpya, juu chai ya maziwa.

Sikutaka pesa. Nilitaka madonge matatu ya namba ile ya kwanza, na nauli nilipe mwenyewe. Ndipo yakaingizwa macho yangu. Macho haya haya yanayohesabu vitanzi 112 kila mstari! Nyota 1, na hiyo ni ya aliyesokota uzi, si ya duka.

Kisha shangazi akalishika, akasema hivi ndivyo linavyofanana zaidi, maana ukuta wa bibi ulitiwa viraka na kila kiraka kilikuwa na weupe wake. Nikazidi kukasirika, kwa sababu ni kweli. Haya, nyota 2. La, moja na nusu.

Ukinunua kwao, soma lebo kwanza, na ukipokewa na kijana, muombe yule dada wa jioni, ana adabu. Mimi sijafumua bado. Sindano zimekaa palepale kwenye donge la sita, na jana nimeagiza mengine manne.