Ujumbe ulikuwa kwangu, programu ikaniambia haupo

Nimeitumia programu hii ya kusomea habari kwa miaka kadhaa hapa Goma, na hadi majuzi ningekuwa wa kwanza kuisifu. Inapokea jumbe za vikundi vya Usenet, ule mtandao wa zamani wa majadiliano, pamoja na habari mpya za tovuti ninazozifuata, inazihifadhi zote kwenye kompyuta yangu, na umeme ukikatika au mega za intaneti zikiisha ninaendelea kusoma kwa betri. Anayeishi mtaa wetu wa Majengo anajua thamani ya jambo hilo. Leo siwezi kumshauri mtu yeyote aitegemee, na sababu yangu ni moja tu, nayo ni utafutaji.

Wiki chache zilizopita alikuja mama mmoja jirani yetu, ambaye nyumba yake ya Buhene ilifunikwa na lava ya volkano ya Nyiragongo ile Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021. Karatasi zake zote ziliungua humo. Siku 5 baadaye wakazi wa kata 10 kati ya 18 za mji walipoamriwa kuondoka, alitembea hadi Sake na watoto bila hata kitambulisho. Aliniambia, "Mwanangu, wewe huzitupi habari. Nitafutie ile taarifa iliyotaja nyumba zetu." Niliikumbuka vizuri, kwa kuwa niliisoma siku ilipotoka, na tovuti iliyoitoa haipo tena. Nakala yangu ndiyo iliyobaki.

Niliandika Buhene kwenye kisanduku cha kutafutia. Programu ikajibu kwamba hakuna ujumbe wowote. Nikaandika tena kwa herufi ndogo, nikaandika lava, nikaandika jina la avenyu yao, na jibu likawa lilelile. Mama alikuwa ameketi kando yangu kwenye kiti cha plastiki, amepakata bahasha ya kaki iliyokuwa tupu, akasema kwa sauti ya chini kwamba labda haikuandikwa. Sijapata kuona aibu kama ile mbele ya mtu aliyeniamini.

Usiku huo ndipo nilipogundua kwamba kisanduku kile hutazama kichwa cha ujumbe na jina la mtumaji tu. Utafutaji wa maandishi ya ndani umefichwa kwenye menyu nyingine, nao unategemea faharasa, yaani orodha ya maneno yaliyomo katika jumbe, ambayo programu huijenga yenyewe kimyakimya. Faharasa yangu ilikuwa imesimama zamani, nadhani tangu siku umeme ulipokatika ikiwa inaandikwa, na tangu hapo jumbe ziliingia bila kuorodheshwa hata moja. Programu haikunionya. Kusema "haupo" ni tofauti kabisa na kusema "sijatazama", na chombo kinachomwambia mtu neno la kwanza ilhali ukweli ni la pili kinamdanganya, hata kama aliyekitengeneza hakukusudia.

Niliwaandikia wanaoihudumia. Aliyenijibu alisema kwamba seva za vikundi vya habari, yaani kompyuta za mbali zinazotuletea jumbe, haziwezi kutafuta ndani ya jumbe, jambo ambalo ni kweli, kwa sababu itifaki ya NNTP, yaani lugha ambayo programu huzungumza na seva hizo, tangu 1986 haijawa na amri ya kawaida ya kuiagiza seva itafute neno katika maandishi yenyewe. Lakini mimi sikuuliza habari za seva! Jumbe zangu zilikuwa tayari kwenye diski yangu, mezani pangu. Nilipomweleza hivyo, alinijibu kwa mstari mmoja kwamba ningesoma mwongozo kwanza, na kwamba safari nyingine niandike kwa Kiingereza. Sikumjibu tena.

Haki ni haki, kwa hiyo niseme na hili. Nilipoifuta faharasa ile na kuiacha programu ijenge mpya usiku kucha, asubuhi niliandika Buhene na taarifa ikatokea kabla sijaondoa kidole kwenye kibodi. Nilifurahi mno, na kwa saa moja nilikuwa nimesamehe yote. Hata niliwaza kuyafuta malalamiko haya.

Kisha nikatafuta neno hama, nikitaka habari nyingine za siku zile, na sikupata hata robo ya nilichokijua kuwa kimo. Faharasa ya aina hii hulishika neno kuanzia herufi zake za mwanzo. Kwa Kiingereza hilo linatosha, kwa maana maneno yao hubadilika zaidi mwishoni, lakini sisi tunasema walihama, tumehamishwa, hawakuhama, na mzizi umekaa katikati, mahali ambapo programu haifiki. Mtumiaji wa Kiswahili angelazimika kukisia kila umbo la kitenzi, moja baada ya jingine, ndipo apate alichokwisha kukisoma.

Mwishoni nililifungua faili lenyewe la hifadhi kwa programu ya kawaida ya kuandikia, kwa kuwa ni maandishi matupu, nikatafuta hama humo, na yote yakatokea: walihama, tumehamishwa, kila kitu. Habari za Kifaransa zilinisumbua kidogo, maana herufi zenye alama zilikuwa zimegeuzwa kuwa =C3=A9 na mfano wake, lakini Kiswahili chetu kilisomeka kama kilivyoandikwa.

Taarifa niliichapisha kwenye kurasa 2. Mama aliifuata kwa kidole mpaka ukurasa wa pili, mstari wa chini kabisa, akalikuta jina lake, akaikunja taratibu na kuitia katika ile bahasha. Programu bado ninaisomea kila asubuhi, na kwa kusoma sijaona inayoishinda. Kutafuta, ninafungua faili.