Arifa za "mteja amenunua hivi punde" kwenye duka la mtandaoni: uzoefu wangu, Iringa

Nimetumia huduma hii miezi saba kwenye duka la mtandaoni linalouza vikapu vya milulu, kahawa ya Mbozi na mchele wa Kyela. Tovuti ni ya WordPress (mfumo wa kujengea tovuti) yenye WooCommerce (nyongeza yake ya kuuzia bidhaa). Kazi ya huduma ni kuonyesha kijisanduku pembeni mwa ukurasa kinachosema mtu wa mahali fulani amenunua kitu fulani. Naipa nyota tatu kati ya tano. Ukiiacha ilivyokuja, haifai kwa duka la Tanzania; ukiipanga vizuri, inasaidia.

Kuifunga ni dakika kumi: unaweka plagini (programu ndogo ya kuongeza kwenye WordPress), unanakili ufunguo, yaani msimbo wa kuunganisha, kutoka kwenye dashibodi yao, unaubandika, basi. Arifa zisipotokea, angalia kwanza plagini ya kache, ile inayoharakisha tovuti. Nyingi huchelewesha JavaScript (msimbo unaoonyesha arifa) mpaka mgeni aguse skrini, kwa hiyo ukikaa unaitazama tu, hutaona kitu. Mimi nimeacha icheleweshwe, maana ukurasa unafunguka haraka kwa wenye mtandao hafifu.

Kosa kubwa linatokea kwenye hali za oda. Kwa kawaida huduma ilikuwa inachukua kila oda mara tu inapoandikwa. Sasa fikiria malipo ya simu: mteja anabonyeza lipa, ujumbe wa kuweka namba ya siri unamfikia, salio halitoshi au anaghairi. Oda inabaki "inasubiri malipo", lakini kijisanduku kimeshatangaza kwamba amenunua. Huo ni uongo, hata kama hukuukusudia. Ingia kwenye mipangilio, ruhusu hali mbili tu: "inashughulikiwa" na "imekamilika". Futa pia oda zako za majaribio, la sivyo "Jaribio Jaribio wa Iringa" atanunua kikapu mbele ya wateja wako wiki nzima.

La pili ni mahali. Huduma hubashiri mji kwa anwani ya IP (namba ya kifaa kwenye mtandao), na wanaotumia bando la simu mara nyingi huonekana wako Dar es Salaam, hata wakiwa Mafinga au Tukuyu. Ukichagua "mji kutoka anwani ya malipo", unapata alichoandika mteja mwenyewe. Kuna wanaoandika "Mby" na wengine "mbeya mjini karibu na Kabwe", kwa hiyo nimeweka orodha ya kuchagua mkoa badala ya kisanduku cha kuandika. Majina nimeyazima. Mji kama Makambako, ukitaja jina la kwanza na bidhaa, watu wanamjua ni nani. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, si ya kuichezea. "Mteja wa Njombe" inatosha.

Kiswahili chenyewe kina raha na karaha. Raha: "amenunua" haijali mwanamke wala mwanaume. Karaha ni muda. Kiolezo cha ujumbe kinabandika neno moja baada ya namba yoyote, ukiweka "zilizopita" unapata "saa 1 zilizopita", na msomaji anajua papo hapo kwamba ni mashine inaongea. Nimetumia "nyuma": dakika 1 nyuma, saa 5 nyuma, siku 2 nyuma. Halikwami kwenye ngeli. Hakikisha pia saa ya WordPress imewekwa Dar es Salaam. Ikibaki UTC (saa ya kimataifa), muda unaweza kupishana kwa saa tatu, na oda ya sasa hivi ikasomeka kana kwamba ni ya zamani.

Kwenye simu kijisanduku hutanda upana wote chini, pale pale kilipo kitufe cha WhatsApp na cha "weka kapuni". Kihamishie juu, au kizime kabisa kwenye kurasa za kapu na malipo. Mtu anayeandika namba yake ya simu hahitaji kusumbuliwa. Vipimo vyangu: arifa ya kwanza baada ya sekunde 8, ikae sekunde 5, nafasi ya sekunde 25 kati ya arifa na arifa, zisizidi tatu kwa ukurasa.

Malipo ya huduma ni ya mwezi, kwa dola, kwa idadi ya wageni wa tovuti. Roboti nazo huhesabiwa, na kikomo kikifika arifa zinakatika kimya kimya.

Usiamini sana takwimu ya "mauzo yaliyoletwa na arifa". Inamhesabu kila aliyeona kijisanduku kisha akanunua, hata kama alikuja tayari ameamua. Nimejaribu kuwasha wiki moja na kuzima wiki inayofuata, nikilinganisha walioweka kapuni na waliolipa. Tofauti niliiona kwenye vikapu vya milulu, ambavyo watu hununua kwa kusitasita. Kwenye mchele, hakuna kitu. Anayeujua wa Kyela hasubiri kuambiwa.

Kuna mpangilio wa arifa za kubuni, ambapo unajiandikia wanunuzi wasiokuwepo. Usiuguse.

Ukiwa na oda chini ya mbili kwa siku, kijisanduku kitakuumbua: "siku 9 nyuma" inamwambia mgeni kwamba duka limelala. Weka kikomo cha siku 3, isipopatikana oda kisionekane. Na kama wateja wako wengi huagiza kwa WhatsApp, huduma haiwaoni kabisa. Ninaziingiza oda hizo WooCommerce kwa mkono kila jioni, baada ya kuthibitisha pesa imeingia.