Mkaguzi wa Majengo: Mshahara wa Jijini au wa Mji Mdogo?

Mkaguzi wa majengo aliyepewa nafasi mbili, moja katika jiji kubwa na nyingine katika mji mdogo, huvutwa kwanza na kiwango cha mshahara, ilhali kinachomlisha ni kile ambacho mshahara huo unaweza kununua mahali anapoishi. Tuseme jiji linalipa asilimia 20 zaidi, lakini gharama za maisha huko ziko juu kwa asilimia 35: ukigawanya 120 kwa 135 unapata takriban 0.89, yaani uwezo wake wa kununua umepungua kwa karibu asilimia 11, ingawa hati ya malipo inaonyesha nyongeza. Mara nyingi tofauti hiyo ya gharama huletwa zaidi na kodi ya nyumba kuliko bei ya chakula au mavazi.

Hata hivyo, jiji lina majengo marefu, lifti na mifumo mikubwa ya kuzimia moto, na ujuzi unaopatikana humo humfungulia mkaguzi njia ya ubingwa na cheo. Aidha, pale pensheni inapokokotolewa kutokana na mshahara, aliyelipwa zaidi hustaafu na zaidi, na anaweza kisha kuhamia mahali penye gharama nafuu.

Katika mji mdogo, mtu mmoja huenda akakagua msingi, nyaya na mabomba pia, tena kwa safari ndefu. Kwa hiyo aulize mapema nani analipia gari na mafuta. Mwenye watoto wadogo, ambaye kodi ya nyumba humlemea zaidi, ningemshauri achague mji huo, mradi gharama hizo zibebwe na mwajiri.