Papadi za Lijjat, pakti ya pilipili manga

Jamani hizi papadi (vile vimkate vikavu vyembamba vya unga wa jamii ya kunde) nimezikuta duka moja la vyakula vya Kihindi hapa Dar, nikachukua pakti mbili nikijua ni za kujaribu tu, saizi niko pakti ya tano. Unaweka moja juu ya moto wa gesi moja kwa moja, unageuza na koleo haraka haraka, sekunde chache tu inavimba vipele na ule moshi wa pilipili manga unajaa jiko, ukichelewa kidogo imeungua (zangu 3 za kwanza zilienda kwa kuku). Kwenye mafuta zinakuwa laini zaidi ila mi napenda za moto.

Sasa kilichonikosha zaidi ni historia ya Lijjat, ushirika wa wanawake wa India unaozitengeneza. 1959 pale Girgaum, Bombay, wanawake 7 walikopa rupia 80 wakaanza kusukuma papadi juu ya paa la nyumba, mmoja wao Jaswantiben Popat. Misaada hawakutaka kabisa. Enzi hizo India ukitaka kiwanda kikubwa unasubiri leseni ya serikali, wao kibao na kijiti cha kusukumia basi. Mpaka leo wanachama ni wanawake na ndo wenye mali, asubuhi anachukua unga uliokandwa, anasukuma nyumbani kwake, anaanika, anarudisha na kulipwa. Hiyo ni zaidi ya vikoba vyetu aisee.

Lawama ni kwa muuza duka tu, pakti moja ilikuwa vipande vitupu na kubadilisha akagoma. Papadi zenyewe nyota 5.