Jiko la mkaa lenye mfuniko: washa tochi kabla hujalipa

Mkeka wa mama yangu una tundu la ukubwa wa kisahani. Jumapili moja tulimaliza kuchoma nyama, nikafunika jiko na kufunga matundu yote ya hewa, nikajua moto umekwisha. Kumbe kizibo cha chini kilikuwa kimelegea. Hewa ikaendelea kuingia, upepo wa usiku ukavuma, kaa la moto likadondoka. Mchana ule ule mwanangu alikuwa amelala juu ya mkeka huo.

Kwa hiyo rangi, magurudumu na meza ya pembeni leo siyagusi. Nauliza kitu kimoja: linaziba? Tundu la chini huingiza hewa, la juu hutoa moshi. Ukiyafunga yote, moto hukosa oksijeni na kufa, na mkaa uliobaki unautumia siku nyingine. Dukani, washa tochi ya simu, iweke ndani ya jiko, funga matundu, funika, kisha inama uchungulie kwa chini. Mwanga kidogo ukingoni mwa mfuniko si neno. Ukivuja kwenye matundu, ondoka.

Chaguo langu la kwanza ni jiko la kampuni ya Weber, la kipenyo cha sentimita 57, na sioni haya kulisifu. Umbo hili la chungu ni lao: mwaka 1952 huko Chicago, George Stephen wa kiwanda cha Weber Brothers alikata boya la chuma katikati, akapata bakuli na mfuniko. Bakuli limepakwa enameli, halibanduki rangi. Chini kuna mpini mmoja: ukiusukuma, mapanga ya ndani yanafungua na kufunga matundu huku yakikomba majivu mpaka kwenye chombo chake. Majivu yakirundikana, hewa haipiti na moto unadorora.

La pili ni jiko la pipa la fundi wa Gerezani, Dar es Salaam. Mwambie akuwekee vidirisha vya kuteleza vinavyobana, na uulize pipa lilibeba nini; la kemikali usilichukue. Wavu wa mabati nao ukatae, zinki ikiungua moshi wake ni sumu.

Yale ya bati jembamba ya bei ya chini, mfuniko hupinda mapema. Sina zaidi.

Kinachoniudhi ni wauzaji wa mtandaoni. Picha nzuri, bei "njoo inbox". Ukifika huko, kwanza unaulizwa unakaa wapi! Bei ya jiko inahusiana vipi na mtaa wangu? Iandikwe, kila mtu aione.

Ukishalipata, litumie nje tu, hata mvua ikinyesha; kaboni monoksaidi haina harufu, na imeua watu waliolala na jiko ndani. Majivu yakae siku nzima, hata mbili, ndipo uyamwage. Na muuzaji akikukatalia kufungua boksi ujaribu tochi, hela yako irudi mfukoni.